Kyalo, Lile Jiwe Limepita

Kwa mdogo wangu Kyalo,

Habari za Tawa? Mkeo na watoto wanaendeleaje? Mimi huku Chile mwili ni mzima. Baridi ya mlimani imenipasua midomo, lakini kazi inaendelea. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, halafu unaanza kuomba.

Dada yetu Ndinda alinitumia kutoka kwake mjini Kabati rekodi ya ibada yako ya Jumapili moja. Aliandika tu, "Sikiliza mwenyewe." Nikaisikiliza mchana mezani kwangu, pale ninapopima picha za darubini. Nilikusikia ukiwaambia waumini wako, "Kaka yangu wa tumbo moja ndiye anayetazama mbingu. Msikieni." Kisha ukaweka simu kwenye maikrofoni, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, ule ujumbe niliokurekodia.

"Kyalo, kuna jiwe dogo tumeliona angani, ukubwa wake kama kanisa lako. Njia yake inakatiza njia ya dunia, na kwa sasa hatuwezi kusema halitatugonga."

Hapo ukaikata.

Unajua nilichosema baadaye. Nilikueleza kwamba jiwe hilo linazunguka jua kama sisi, na tulikuwa tumeliona siku tatu tu. Ni kama kumwona mtu akiondoka mjini Salama asubuhi na kutaka kusema atalala wapi. Nikakwambia picha zikiongezeka tutajua, na kwamba mengi ya mawe haya hupita mbali. Nilikutumia maneno hayo kwa sababu ni wewe peke yako nyumbani uliyewahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nilifurahi, Kyalo.

Baada ya wiki mbili njia yake ikajulikana. Lingepita mbali kuliko mwezi. Nilikupigia siku hiyo hiyo, ukasema, "Sawa, nitawaambia." Hukuwaambia.

Halafu Mama akanipigia. Aliongea polepole, kama mtu asiyetaka kunitia aibu.

"Mutinda, mbona ulimwambia Kyalo, mimi ukanificha? Ulidhani nitaogopa?"

Nikamuuliza kama amepanda ndengu. Akasema mbegu alizipika, zikaliwa kanisani mlipomaliza kufunga. "Mbegu za nini, na wewe mwenyewe ulisema jiwe linakuja?" Mvua ilikuwa inanyesha. Niliisikia juu ya mabati yake.

Rekodi ya Ndinda ilinifikia baada ya simu hiyo, na nilipokuuliza wewe, jiwe lilikuwa limeshapita. Ukanijibu, "Limepita kwa sababu tuliomba. Watu wametubu, Mutinda. Ubaya uko wapi?"

Nimekaa na swali lako siku nyingi. Ubaya ni kwamba Mama ameamka kila asubuhi, wiki baada ya wiki, akiamini mwanawe anaijua siku yake ya kufa na amemnyamazia. Na aliyemwaminisha hivyo ni mimi, kwa sauti yangu, wakati sikusema hivyo. Mtu wa nje angenifanyia hivi ningesahau. Wewe tulilala kitanda kimoja.

Jana nilimweleza Mama yote, hata mahali ulipokata. Kisha akasema, "Usimwaibishe mbele ya watu wake." Kwa hivyo sitakuaibisha, na sikuombi usome barua hii kanisani. Nenda kwake, ukae naye jikoni, umwekee sauti yangu yote mpaka mwisho. Kama umeifuta, mwambie umeifuta.

Ndinda atampelekea mbegu nyingine. Msimu wa mvua umeshakwenda sana, lakini Mama anataka kujaribu upande wa mtoni.

Simu zako nitazipokea. Mambo ninayoyaona angani sitakuambia tena.

Nisalimie mkeo na watoto, mjomba wetu anayeziba matairi pale Salama, na yule mzee wa kanisa aliyenifundisha hesabu. Kwa Mama usinisalimie. Nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Mutinda