Mashine Iliyokaribisha Matawi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nina miaka themanini na kitu. Mwaka hasa aliujua mama. Nimezika wake wawili. Nimepita kiangazi kilichomaliza ng'ombe na kingine kilichomaliza mpaka punda. Nimeona pampu tatu za dizeli zikifa. Hii ya nne inakula jua na inaongea. Nayo nitaizika.

Nimesali. Nimekunywa chai bila maziwa. Nimempeleka Adey kunywa. Mashine ikasema kama kila siku, "Habari za asubuhi. Maji yapo. Tafadhali pangeni foleni."

Foleni ya nani? Bulla nzima, kijiji chetu chote, imehama tangu wiki jana. Wamefuata mvua iliyosikika upande wa Ijara. Tumebaki mimi na Adey, ngamia wangu mweupe. Ana mimba pevu. Kwa mwendo ule angekufa njiani, au ndama angekufa.

Halima, mke wa mwanangu, alilia. "Abo, baba yangu, panda lori. Ngamia ni ngamia tu." Nikamuuliza alipojifungua alikunywa maziwa ya nani. Akanivika kadi ya maji shingoni, akapanda lori.

Nimechoka leo. Sikufanya kitu, lakini nimechoka.

Jumanne, 7 Oktoba

Ngamia wetu hawanywi kimya. Kisimani tunawaimbia. Adey akisikia wimbo wangu ndio anashusha shingo.

Mashine ina jicho dogo juu ya bomba. Ukisimama mbele ya jicho inaamka, inasema karibu, inaomba kadi. Ukigusisha kadi, maji yanaingia kwenye hori. Sawa. Lakini mimi naimba, nayo inaongea juu ya wimbo wangu. Sauti ni ya mwanamke, na hana adabu. Nikapaza sauti. Zamani nikiimba kwenye kisima hiki, watu wa kisima cha pili walikuwa wanaitikia. Wallahi hakuna aliyenishinda.

Adey alikunywa. Mashine ikasema, "Ahsante. Karibu tena." Ikawa yenyewe ndiyo imesema la mwisho. Hiyo sikuipenda.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa ngumbaru. Mwalimu alisema kichwa changu kigumu. Ni kigumu kweli. Ndiyo maana kipo bado.

Alhamisi, 9 Oktoba

Twiga amekuja. Akasimama mbele ya jicho. Mashine ikamwambia aweke kadi. Akaitazama, mashine ikarudia. Mara tatu kwa upole ule ule. Twiga akaenda zake. Nilicheka mpaka kifua kikauma, halafu nikakumbuka hakuna wa kumsimulia.

Mchana Abdinoor amepita na boza lake, lori la tangi la maji, kutoka Dadaab. Kijana wa maneno mengi. Alinikuta nagombana na mashine.

"Awowe, babu yangu, umeoa tena?"

"Huyu? Anaongea sana."

"Na wewe je?" Akacheka. Kisha akasema kweli kweli nipande twende. Boza halibebi ngamia. Nikamwambia aende. Akaniachia tende na kusema mashine hizi hazina huruma, ikizima imezima. Nikamwambia hata mimi.

Atapita tena barabara ikiruhusu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ijumaa haisaliwi na mtu mmoja. Nimesali adhuhuri yangu, basi. Mashine ilisema karibuni nyote.

Nimemjibu. Sijui kwa nini.

Jumapili, 12 Oktoba

Nyani wameanza. Wanapanda juu ya paneli za sola, wanavuta nyaya. Ngiri wanachimba chini ya bomba. Mathenge nao, mti ule wa miba, umetoa chipukizi ndani ya zege lenyewe. Watu wakiondoka pori halisubiri kuambiwa.

Kitu chochote kinachokupa cha kunywa unakilinda. Ngamia, mbuzi, hata huyu wa bomba. Basi nimeshinda siku nzima na panga, nimekata mathenge, nimemzungushia boma la miba kama la mifugo. Refu na zito. Nimeacha mlango mdogo wa kupita mimi na Adey, na tawi kubwa la kuuziba. Vijana wanne wasingelimaliza. Mimi nimelimaliza peke yangu na mgongo huu.

Mikono imejaa miba. Nimefurahi lakini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Upepo ulianza jana magharibi. Kutoka kitandani nilimsikia mwanamke wa bomba akiongea, hanyamazi. Karibu, karibu, karibu. Nikasema vizuri, anafukuza nyani. Nikalala kama mtu mwenye mlinzi.

Asubuhi hakusema habari za asubuhi. Nimesimama mbele ya jicho. Kimya. Nimeweka kadi. Kimya. Nimempiga kofi ubavuni. Kimya.

Adey amekunywa ya kwenye ndoo. Hayamtoshi hata kulowesha koo.

Jumanne, 14 Oktoba

Mawingu. Miezi yote hii nimeomba mawingu. Yamekuja leo, nayo ndiyo yamefunika jua la mashine.

Nimepanda juu ya pipa nikafuta paneli kwa kikoi changu. Hakuna kitu. Kwa umri wangu mtu hapandi mapipa. Nilianguka. Sikuvunjika. Mifupa ya siku hizi ndiyo inavunjika.

Adey halali chini vizuri. Anageuka, anasimama, ananusa mkia wake. Kiwele kimejaa. Ni leo au kesho. Ngamia anayezaa na kiu hasimami tena. Nimemwona mmoja hivyo. Sitaki kumwona wa pili.

Naogopa. Nimeandika na sitafuta.

Jumatano, 15 Oktoba

Saa za mchana mawingu yakafunguka kidogo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya boma. Mashine ikaamka, sauti nzito kama ya mgonjwa. "Karibu." Nikaangalia nani amekuja. Hakuna mtu. Upepo ukapiga tena, lile tawi langu la mlangoni likayumba mbele ya jicho. "Karibu. Tafadhali weka kadi."

Nikaelewa. Usiku ule wote alikuwa anakaribisha matawi yangu. Kila tawi likitikisika yeye anaona mtu mwenye kiu, anainuka. Mpaka betri ikaisha. Mimi ndiye niliyemchosha. Boma zuri kuliko maboma yote niliyojenga.

Nimelibomoa. Panga sikulitafuta, nimevuta kwa mikono. Kisha nikamwondoa Adey mbele ya jicho, nikakaa nyuma ya mashine, mgongo wangu kwenye bati lake. Sikusogea. Ngiri alikuja kwa mbele nikamtupia kiatu. Nilimwambia mashine, lala mama, kula jua lako, leo mimi ndiye mlinzi. Kwa Kisomali nilimwambia, halafu kwa Kiswahili, maana sikujua anasikia kipi.

Jua lilipoanza kuinama nikasimama mbele yake mara moja tu. "Kari." Neno halikuisha. Nikaweka kadi upesi. Maji yakatoka, membamba, halafu mengi. Nikaimba taratibu, nisimzidi. Naye hakuniingilia. Adey akashusha shingo, akanywa hori lote.

Mashine haikusema ahsante. Taa yake ilizima na maji bado yanadondoka.

Ndama amezaliwa baada ya alasiri. Jike. Mashallah. Amesimama kabla ya magharibi, magoti yanatetemeka. Nilimlilia kidogo. Hakuna aliyeona.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua imenyesha tangu Alhamisi. Laga, ule mto mkavu, limejaa, balley, bwawa letu la mvua, limejaa, kila shimo ni kisima sasa. Upepo umeangusha paneli mbili. Tope limeingia mpaka kwenye jicho. Nimelifuta. Halikufunguka.

Abdinoor amefika leo, boza tupu, hana wa kumuuzia maji. Aliona miba niliyobomoa, aliona ndama. Akauliza jina lake.

"Karibu," nikamwambia.

"Nimeshakaribia, awowe. Jina la ndama nauliza."

"Ndilo hilo."

Alitazama mashine, akatazama mikono yangu. Hakuleta utani. Amesema Halima na wengine wako njiani kurudi.

Nilisema nitaizika na nimeizika. Sikufikiri itakuwa hivi.

Jioni nimempeleka Adey kunywa kwenye balley. Nimeimba. Akanywa akashiba, lakini hakuondoka. Aliinua kichwa akasimama, masikio mbele, kama anayengoja kitu. Ndipo nikajua.

"Ahsante," nikasema. "Karibu tena."

Akaondoka, ndama nyuma yake.

Mwenye shaka amuulize Abdinoor wa boza, aliiona miba. Amuulize na Halima akifika, ataiona kadi bado iko shingoni. Na Adey alikuwepo mwanzo mpaka mwisho, lakini yeye lazima kwanza umwimbie.