Pasipoti Isiyo na Muhuri

Jumatatu, 3 Julai 1995
Nimefungua ofisi yetu ya safari saa mbili. Nimepangusa ramani ya ukutani. Vumbi la Kirumba, hapa Mwanza, halina adabu. Mteja wa kwanza padri, anakwenda Dar kwa treni. Nimemtajia vituo vyote bila kuangalia karatasi. Baba alikatisha abiria tikiti stesheni ya hapa maisha yake yote, nami nilijifunza kusoma kwenye ratiba zake. Padri kanisifu. Sikumwambia kwamba mimi mwisho wangu wa kusafiri ni Tabora.

Alhamisi, 6 Julai
Wamekuja akina mama sita wanaouza dagaa soko la Mwaloni. Kiongozi wao ni Mama Nyamizi, sauti kubwa, macho makali. Wanataka kwenda Kisumu. Si kwa biashara. Miaka yote wanawauzia Wakenya magunia ya dagaa na hawajawahi kuona yanakofikia. Wanataka kuona tu. Nimewapenda papo hapo.
Mama Nyamizi kauliza, "We mwenyewe umefika?"
Nimesema ndiyo. Limetoka lenyewe. Halafu nikaongeza: soko kubwa, barabara safi, watu wakarimu. Yote ya vitabuni na midomoni mwa madereva.

Ijumaa, 7 Julai
Nimejichukia siku nzima.

Jumanne, 11 Julai
Balaa. Wamerudi na sharti: niwaongoze mimi, kwa kuwa nimefika. La sivyo hawaendi. Bosi wangu, Mzee Rwegasira, kakubali kabla sijameza mate. Zamani kazi hii ya kutembeza watu ilikuwa ya serikali peke yake. Hili ndilo kundi letu la kwanza kuvuka mpaka. Nimefurahi mno na nimeogopa mno. Hatimaye naenda mahali. Naenda kama mwongo.

Ijumaa, 14 Julai
Pasipoti imetoka. Inanuka gundi. Kurasa zote tupu. Pale mpakani Sirari itafunguliwa mbele ya wale mama sita. Nimewaza kusema ya zamani ilipotea. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nalisema vizuri, na hilo ndilo linalonitisha.
Mchana nimewaandama madereva wa malori. Foleni inaanzia wapi? Dirisha la kwanza lipi? Chai inauzwa upande gani? Mmoja kaniuliza kama mimi ni askari kanzu.

Jumatano, 19 Julai
Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda Mwaloni, nikawakuta wamekaa juu ya magunia. Nimewaamkia, nikasema moja kwa moja: sijawahi kuvuka hata mpaka mmoja. Wakighairi ni haki yao.
Mama Nyamizi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, tulijua siku ileile. Aliyefika analalamika! Angetaja vyoo, kunguni, wezi. We ulisifia mpaka barabara."
Sharti lile lilikuwa la kunichokoza, waone nitajikaanga mpaka lini. Nikauliza kama bado wananitaka. Kasema wanamtaka mtu atakayesimama kila mahali kushangaa pamoja nao. Halafu akaacha kucheka: uongo mwingine kama ule, atanichapa kandambili mbele ya wateja. Hakuwa anatania. Nimeona aibu. Nimerudi ofisini kwa miguu, naimba.

Jumatatu, 24 Julai. Sirari
Afisa kagonga muhuri bila hata kuniangalia. Mama sita wakagombania kuuona. Wino umechafua ukurasa. Sijali.

Jumanne, 25 Julai. Kisumu
Choo cha gesti hakina komeo. Magugu yamefunika ziwa, maji hayaonekani. Sokoni tumewakuta dagaa, huku wanaitwa omena. Mama Nyamizi kanunua fungu. Hataki kusema kwa nini.
Jioni nimekunywa chai peke yangu kibandani. Dada anayeosha vyombo kaniuliza natoka wapi. Mwanza, nikamjibu. Akaacha sahani kwenye beseni.
"Huko kukoje?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia habari za mawe yaliyobebana hadi majini, nyumba zilizojengwa juu yake, bomba linalokauka wiki nzima, mbu wa Igoma. Akavuta kigoda. Chai yangu ikapoa. Mwisho akataka kujua basi la Mwanza linaondoka saa ngapi.
Saa moja asubuhi. Nimemwambia akae upande wa kulia, ndio wa ziwa.