Taa ya Soko na Nyar Kabondo

Jumamosi, jioni. Mvua ilitishia tangu asubuhi, ikanyesha tulipokuwa tukirudi kutoka mazishini. Viatu vyangu bado vina udongo wa boma lile. Sijataka kuvisafisha.

Sitataja jina la wadi yetu. Wanaoishi kando ya barabara hii ya Homa Bay watajua, na hilo pekee linanitia hofu.

Mimi ni karani wa mwakilishi wetu. Ndiye aliyenipa kazi, na karo ya ndugu zangu inatoka hapo. Hotuba zake za matanga huziandika mimi. Kwa kweli ni hotuba moja: ushuru wa soko haukupanda, barabara imechongwa, usalama umeimarika, mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti, inaangaza soko letu usiku kucha. Kila wiki nabadilisha jina la marehemu tu.

Ile taa iliwaka msimu mmoja, ikafa. Mlingoti bado umesimama.

Leo tulimzika Nyar Kabondo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Wezi walimvamia chini ya mlingoti huohuo, giza likiingia, akifunga meza yake. Ushuru wa siku ile alikuwa amelipa.

Alipenda kunitania nikipita. "Karani, leo nimelipa. Mwambie mkubwa wako awashe."

Nami nilimjibu kila mara, "Itawaka, mama."

Jana niliisoma sentensi ya taa mara kadhaa. Nilijua inapaswa kutoka. Nikaogopa kuulizwa nani amenituma kuitoa.

Nikaiacha.

Mheshimiwa aliisoma kwa sauti yake ileile. Alipofika kwenye taa, watu walitazamana. Hata akina mama waliokuwa jikoni waliacha sufuria.

Kisha dada wa marehemu akainuka. Kwetu mtu huweza kuzungumza na maiti wake, wala hakuna wa kumkatiza. Hakumtazama Mheshimiwa hata kidogo. Aliliinamia jeneza, akaweka kiganja juu yake, akasema polepole kama anayemwamsha mtu:

"Nyaminwa, dada yangu, umesikia? Kumbe ulikuwa kwenye mwanga. Sasa mbona hukuwaona wakija?"

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka. Kicheko chenyewe kikageuka kilio.

Mheshimiwa aliikunja karatasi, akatoa pole, akaketi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Tulipofika kwenye lami, Mheshimiwa alinigeukia garini. Nilidhani ananifuta kazi. Akaniuliza kama hotuba ya wiki ijayo iko tayari, ile ya msiba wa wakwe zake, kule Awendo.

Nikamuuliza kama niitoe taa.

"Ya nini?" akasema. "Huko hawaijui."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Sasa niko chumbani na nimeifungua hotuba ya Awendo. Nimelifuta jina la Nyar Kabondo ili niweke la mwingine, na imenishtua jinsi lilivyotoka upesi.

Halafu nimeifuta sentensi ya taa.

Ni sentensi moja tu. Jumatatu ataiona, ataniuliza nani ameniruhusu, na sijui nitasema nini. Najua pia kwamba soko lina giza saa hii, na wenzake Nyar Kabondo wanafunga meza zao.

Yule dada alizungumza naye waziwazi. Mimi nazungumza naye huku, nimejifungia mlango.

Mama, haikuwaka.