Viatu vya Kinyozi

2 Machi

Baba, shikamoo. Huku sote wazima, na mjukuu wako anacheza tumboni mpaka ananinyima usingizi. Kisigino je? Barua iliyopita uligusia kwamba unachechemea, halafu ukarukia habari za wateja.

Nitajifungua mwishoni mwa mwezi wa tano. Nataka uwepo. Mama hayupo tena, nani mwingine atanishika mkono?

Binti yako

14 Machi

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kuanzia utosini mpaka kwenye kifundo cha mguu. Chini ya hapo ndiko kwenye kesi. Panauma nyuma ya kisigino. Asubuhi nikishuka kitandani natembea kama bata, baadaye panaachia, jioni panarudi. Mteja mmoja anasema ni baridi, mwingine umri, wa tatu anamshuku kinyozi wa ng'ambo ya barabara kuwa kaniroga. Nimepaka kila kitu isipokuwa mafuta ya gari.

Kuhusu safari, unakaa ghorofa ya nne na lifti hamna. Naogopa kuja kuwa mzigo. Tusubiri kwanza.

Baba yako

9 Aprili

Mwanangu, hujambo? Nimekwenda hospitali kabla hujanigombeza. Daktari ni msichana wa rika lako, kaniminya bila huruma. Anasema huko nyuma pana kano nene inayoshika misuli ya shavu la mguu, na kwa mtu anayesimama kutwa inaweza kuchoka. Au kifuko kidogo cha majimaji kimevimba. Au mfupa umeota kinundu. Au kiatu kinasugua. Nikasimama kwa vidole, akasema basi kano haijakatika. Akatazama kandambili zangu, akasema hizi hazigusi huko, kiatu tukiondoe kwenye orodha.

Viatu vile vyeusi ulivyonitumia niliviacha nyumbani, barabara ya hospitali ina vumbi. Navivaa kazini tu, kila siku, na kila mteja anajua vimetoka kwa nani.

Baba yako

18 Aprili

Baba, shikamoo. Nimesoma nikacheka, kisha nikalia. Viatu hivyo nilivichagua mimi, na nyuma ni vigumu kama ubao. Kabla ya hivyo uliwahi kuumwa kisigino?

Rudi kwa daktari ukiwa umevivaa, tafadhali. Ukiviacha sitaumia. Nitaumia mtoto akija wewe hupo.

Binti yako

6 Mei

Marahaba, binti yangu. Nilirudi navyo. Daktari akavigeuza, akatazama kisigino, akasema, "Mzee, mtuhumiwa ulimficha nyumbani." Kiatu kimesugua mpaka kifuko kikavimba, na kusimama kutwa kumeichosha kano. Kupona kutachukua muda. Naweka barafu, nanyoa nimekaa kwenye stuli, na nafanya mazoezi ya kuinua na kushusha visigino taratibu nikiwa nimeshika kiti cha wateja. Yule mteja wa habari za kurogwa naye ameanza kuinuka na mimi.

Kuvitupa nimeshindwa. Nilimpelekea fundi viatu akakata nyuma yote. Sasa ni vya kuchomeka mguu tu, na mbele bado vinang'aa. Asubuhi panakaza kidogo, lakini yule bata ameondoka.

Nimekata tiketi ya Jumamosi. Usishuke kunipokea na tumbo hilo. Acha mlango wazi, utasikia viatu vyako vikigonga ngazi. Vikinyamaza katikati usiogope, napumzika tu, nakuja.

Babu