Wimbo Mrefu wa Waswidi Kule Kanja

Mpwa wangu Mwenda,

Huku Majengo tu wazima, na nyanya yako amepona goti, sasa anatukimbiza sisi. Unaniuliza kama mvunje bendi kwa sababu mpiga ngoma amewaacha.

Nikiwa kijana, mwalimu mmoja Mswidi aliniachia kaseti ya bendi ya kwao. Nikaipiga kwenye harusi huko Kanja, akina mama wakileta zawadi wakicheza. Wimbo mmoja tu ulikuwa mrefu kuliko foleni yote ya akina mama hao, hata ng'ombe walitikisa vichwa. Katikati muziki ukanyamaza. Watu wote wakanigeukia, nikaikimbilia redio. Nyanya yako, kiondo cha zawadi mgongoni, akasema, "Ngojeni, hao wanapumua." Kweli, gitaa likarudi kwa mwendo mwingine, naye akabadilisha miguu.

Bendi hiyo imeachwa na wapiga ngoma, ikaachwa na waimbaji, na juzi nimewaona kwenye simu, mvi tupu, bado wanapiga. Basi tafuteni mpiga ngoma mwingine. Mkimkosa, nitakuja huko kwenu Embu nipige mwenyewe, lakini ujue watu watasahau kukutazama wewe.

Ni mimi mjomba wako,
Kirimi