Mshahara wa Meza Moja

Kisangani, tarehe 9 mwezi wa pili 2023

Kwa yaya Yunus, kaka yangu mkubwa,

Salaam aleikum. Natumaini barabara ya Bafwasende haikukuvunja mgongo, na depo yako mpya ya sabuni imekupokea vizuri. Huku tuko salama. Mama anapumua vizuri tangu mvua zipungue, anataka nikuulize kama unakula. Barua hii nampa dereva Jafari, kwa sababu simu yako haishiki hata kidogo.

Nina jambo, na afadhali ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa directeur wa kiwanda. Ulipoondoka kiwandani, walinitoa kwenye kufunga makatoni wakaniweka kwenye meza ya kukata. Nasimama na Kasongo, uso kwa uso. Yeye anashika waya upande ule, mimi upande huu, tunavuta pamoja, sabuni inakatika. Hakuna anayeweza kuvuta peke yake. Mwisho wa mwezi Kasongo anapokea karibu mara mbili yangu. Nilimuuliza chef wa personnel, mkuu wa wafanyakazi, kwa nini. Akanijibu: "Kasongo iko ouvrier. Wewe uko manœuvre." Yaani yule bwana ni fundi, mimi kibarua tu. Nikamuuliza: "Na waya, iko inajua?" Hakucheka.

Bon. Wanawake wote wa meza ya kukata tumeandika ombi, na mimi ndiye niliyelipeleka. Tunataka mshahara wa kazi tunayoifanya, basi.

Usikasirike.

Mdogo wako,
Hadidja


Bafwasende, tarehe 2 mwezi wa tatu 2023

Hadidja, mdogo wangu,

Barua yako imefika pamoja na chumvi ya mama. Malaria ilinigusa kidogo, sasa ni mzima. Mwambie mama nakula.

Sikasiriki. Nashangaa. Aliyekuingiza kiwandani ni mimi. Depo hii directeur alinipa kwa kuniamini, na wiki iliyopita ameniita kwenye redio ya phonie, watu wote pembeni wakisikia: "Yunus, dada yako anataka nini?" Nikamwambia nitakuandikia.

Kasongo ana watoto wanane. Wewe huna hata mmoja. Mwanaume ndiye anayebeba nyumba, tulikua tukiona hivyo. Kama unataka nyongeza, naweza kukuombea wewe peke yako. Wengine waache, kila mtu na shida yake.

Kaka yako mkubwa,
Yunus


Kisangani, tarehe 21 mwezi wa tatu 2023

Yaya Yunus,

Salaam, na pole kwa malaria. Mama alitaka kupanda lori aje kukuuguza, tukamzuia.

Unasema mwanaume ndiye anayebeba nyumba. Pélagie wa meza ya pili, mume wake alikwenda kuchimba dhahabu, hajarudi. Nyumba yake inabebwa na nani? Lakini hata hoja hiyo siitaki. Pélagie angekuwa na mume tajiri, sabuni ingekatika vilevile.

Hukuwa na haja ya kuniombea. Directeur mwenyewe aliniita, akanipa kiti. Akasema nitakuwa chef d'équipe, msimamizi wa meza, kwa mshahara wa mwanaume, ila ombi la wenzangu niliondoe. Nilimwomba siku moja ya kufikiri. Sikufichi, nilifikiri kweli. Paa la mama linavuja, unalijua. Kesho yake nikakataa. Alasiri nikapewa barua ya kusimamishwa kazi, na asubuhi iliyofuata wanawake hawakuingia. Wanakaa mbele ya lango, kwenye makatoni matupu. Inspecteur du travail, mkaguzi wa kazi wa serikali, amekuja, amesikiliza pande zote mbili, ameondoka na makaratasi yake. Tunangoja.

Mdogo wako,
Hadidja


Bafwasende, tarehe 4 mwezi wa nne 2023

Hadidja,

Mama hajambo?

Nimeagizwa kutafuta watu wa kukata sabuni badala yenu, niwalete mwenyewe kwa lori. Nimewapata, wanne. Nakujulisha ili usishtuke. Ukiwa na akili, siku hiyo usikae langoni.

Yunus


Kisangani, tarehe 19 mwezi wa nne 2023

Yaya Yunus,

Salaam aleikum. Chini ya barua yako hukuandika "kaka yako". Nimeona.

Nilikaa langoni. Lori lilifika limejaa matope hadi kwenye vioo. Ulishuka, nikakusalimia, "Salaam, yaya," nawe ukaangalia viatu vyako. Pélagie akasimama mbele ya lori. Ukamwambia: "Mama, toka hapo, utaumia." Sauti yako ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeomba njia sokoni. Akatoka. Watu wako wakapita katikati yetu mmoja mmoja. Wa mwisho akasema, "Pardon, bamama."

Jirani alimwambia mama kwamba umeonekana mjini. Akapika lituma ya ndizi na samaki, akavaa kitambaa chake kizuri, akangoja. Ulirudi Bafwasende bila kupita nyumbani. Aliniuliza kama tuligombana. Nikasema ulikuwa na haraka. Chakula tulikipasha moto siku ya pili.

Mdogo wako,
Hadidja


Kisangani, tarehe 30 mwezi wa saba 2023

Yaya Yunus,

Salaam. Sijapata jibu, na Jafari anasema barua alikupa mkononi. Basi naandika tena. Mama ni mzima, ila macho yanampungukia.

Mambo yamekwisha. Hayakumalizwa na sisi peke yetu. Kasongo alikuwa akikata na mmoja wa watu wako, na siku ya malipo akamuuliza amepokea nini. Yule akamwonyesha. Ilikuwa chini hata ya mshahara wa mwanamke. Kasongo akaweka waya mezani. Akawaambia wanaume wenzake: "Leo iko banamuke na hawa. Kesho itakuwa sisi." Akatoka, nao wakamfuata hadi langoni. Hakuwahi kunitetea hata siku moja, wala sikumdai hilo. Alikaa kwenye katoni jirani yangu akaomba maji.

Kiwanda kilisimama. Directeur akakubali kusaini: meza moja, mshahara mmoja, mwanamke na mwanaume. Sharti lake lilikuwa moja tu, mimi nisirudi. Pélagie alilia, akasema hatusaini. Nikamwambia asaini. Usidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka, na mchele nyumbani ulikuwa umekwisha.

Sasa niko kwenye ofisi ya syndicat, chama cha wafanyakazi, mtaa wa Makiso. Wanawake wa hoteli wanakuja, wa kinu cha mpunga pia. Wanaleta maneno yaleyale. Nasikiliza.

Wakati mwingine ninapita mbele ya kiwanda, nasikia harufu ya soda ya kutengenezea sabuni, natembea haraka.

Mdogo wako,
Hadidja


Bafwasende, tarehe 11 mwezi wa kumi 2023

Hadidja, mdogo wangu,

Salaam aleikum. Naomba habari za macho ya mama. Mimi niko.

Barua zako zote nilizisoma. Nilianza kujibu mara nyingi.

Wale watu wanne walifukuzwa siku ile mliyosaini, bila kulipwa mwezi wao wa mwisho. Kila juma wanakuja kwangu, na mimi sina la kuwapa. Juzi mmoja aliniuliza kama namjua yule mama aliyekuwa langoni, aliyenisalimia. Nikasema ni mdogo wangu, tumbo moja.

Wanaweza kuja kwenye ofisi yako, wadai? Kwa ajili yangu siombi kitu. Naomba kwa ajili yao.

Kaka yako, kama bado unakubali,
Yunus


Kisangani, tarehe 20 mwezi wa kumi 2023

Yaya Yunus,

Waleikum salaam. Mama amepata miwani kwa misheni, anajidai anaona hadi ng'ambo ya mto.

Watu wako waje. Walifanya kazi, walipwe.

Jafari alipoleta barua alikaa kunywa chai, mama akamuuliza habari zako, na Jafari hajui kuficha. Anasema depo imefungwa tangu mwezi wa nane, ulitolewa bila taarifa ya préavis wala mshahara, unashusha mizigo ya malori na kulala kwa watu. Mama amesikia yote. Ameanika godoro lako juani.

Kwa nini umeandika watu wanne? Mko watano.

Jafari anarudi huku Jumatano, panda pamoja nao. Nyumbani hutaulizwa kitu. Ofisini nitakuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: jina lako, kazi yako, unadai nini. Ujibu tu, na mimi nitaandika.

Mdogo wako,
Hadidja