Riwaya ya Dominika Jumuiyani

Scola, hujui kilichotokea jumuiyani Katandala leo.

Dominika si anajifunza Kiingereza? Mwalimu kamwambia achague kitabu kitakachomnogea. Kachagua riwaya ya mapenzi, akaikava kwa kalenda ya parokia, sawasawa na kitabu chake cha sala.

Kaambiwa aongoze sala. Kafungua, kumbe kabeba riwaya: daktari anambusu nesi, kwa Kiingereza!

Hakuacha, Scola. HAKUACHA. Kasoma ukurasa mzima kwa sauti ya misa. Watu wakaitikia "Amina".

Tatizo mwenyekiti, Mzee Valerian, mwalimu mstaafu. Kiingereza anakijua. Kamwita nje. Dominika anamfuata, anajua kwaya anayoimba ndiyo basi tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ukimaliza niazime. Hiyo kalenda usiitoe."